Spiriti ya Musoma Huchemka kwa Sabini na Tano

Nimefundisha kemia miaka mingi, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuniletea daftari lililoandikwa kwamba maji yamechemka kwa digrii mia moja. Namrudishia. Namuuliza, umeiona wapi hiyo mia? Ananionyesha kitabu. Basi namwambia akakichemshe hicho kitabu. Wenzangu ofisini wanasema nina roho mbaya, na wakaguzi wawili wameshaliandika hilo kwa lugha ya kistaarabu. Sikatai. Lakini sikuzaliwa nayo roho hii. Niliipatia Musoma, kidato cha nne, ndani ya juma moja, na aliyenipa ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Maji ya Musoma huchemka kwa tisini na sita. Ukitaka ugomvi na mimi, bisha. Kimiminika chochote huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyokikalia kichwani. Ukipanda mlima, hewa hiyo inapungua, na kimiminika kinachemka mapema, kabla hakijapata moto wote ambao kingeuhitaji kule chini pwani. Haya yalikuwa yameandikwa hata katika kitabu chetu cha fizikia, na mfano uliotolewa ulikuwa wa mlima wa Ulaya wenye theluji. Tuliusoma mfano ule, tukaukariri, tukajibia mtihani. Hakuna aliyefikiri kwamba unatuhusu.

Ungetuhusuje? Sisi tulikuwa watu wa ufukweni. Mchanga upo, mitumbwi ipo, mawimbi yanapiga mawe usiku na mchana. Mtu aliyesimama na miguu yake ndani ya maji anajiona yupo chini kabisa ya dunia, na kwamba kila mahali pengine ni kupanda. Kumbe ziwa lenyewe limekaa juu, zaidi ya mita elfu moja na mia moja kutoka usawa wa bahari. Tulikuwa tunaogelea mlimani na hatujui. Kosa hilo mtu wa Moshi hawezi kulifanya, maana mlima wake anauona. Lilitufaa sisi.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, na ukisikia dukani kuna kitu unapanga mstari kwanza, kisha ndipo unauliza ni kitu gani. Watu wazima walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Mimi nilikuwa nafulia sabuni ya kipande. Nilikuwa nakaa kwa mjomba, mtunza stoo wa shule yetu, na nyumbani kwake vitu hivyo vidogo vilikuwa haviishi. Sikuuliza vinatoka wapi. Mtoto anayekula kwa watu huwa haulizi, na sare yangu nyeupe ilikuwa inanipa kiburi mbele ya wasichana wenzangu.

Niseme wema wake, maana baadaye sitausema tena. Kwetu ni kijiji cha wavuvi, ng'ambo kidogo ya Murangi. Baba alikuwa haoni mtoto wa kike anakwenda sekondari kutafuta nini. Mjomba ndiye aliyekuja, akakaa na baba kutwa nzima, akala furu wa kukaanga waliokuwa bado wapo ziwani kabla sangara hajawamaliza, na jioni akaondoka na mimi na sanduku langu la bati. Alikuwa mzee wa kanisa. Pombe hagusi. Ninaposema mtu alinipenda, ni yeye.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa kijana wa pwani, mwaka wa pili tu tangu aletwe kwetu. Shati lake lilikuwa limenyooka pasi hata pale ambapo mkaa wenyewe ulikuwa wa kutafuta, na Kiswahili chetu kilikuwa kinamchekesha. Tulikuwa tunasema "tulikuwaga," anarudia "tulikuwaga" huku ameshika tumbo. Mwaka uliotangulia tulichemsha maji mbele yake, themomita ikasimama kwenye tisini na sita, darasa zima. Akasema themomita zenu mbovu, andikeni mia. Tukaandika mia. Tulikuwa na jina la kazi hiyo: kupika matokeo. Unaanza na jibu la kitabu, unarudi nyuma mdogo mdogo mpaka unafika kwenye vipimo. Shule nzima ilikuwa inapika, na waliopika vizuri ndio waliokuwa wanapigiwa makofi.

Mimi nilikuwa kiongozi wa maabara. Asubuhi nachukua ufunguo kwa mjomba, natoa vifaa stoo, napanga mezani, narudisha ufunguo. Nilizijua chupa zote kwa harufu. Asetoni ilikuwa na kizibo kibovu, na kila nilipofungua kabati nilikuta imeshuka upana wa kidole, na hakuna aliyeigusa. Asetoni haihitaji mwizi. Inaondoka yenyewe kwa joto la mchana tu, na ukiidondoshea mkononi inakupa baridi, maana inaondoka na joto lako. Spiriti safi nayo ina haraka, ila si hivyo. Tulikuwa na chupa kubwa moja ya zamani iliyokaribia kwisha, na nyingine mpya, imekuja ndani ya sanduku la msaada, kofia yake bado imezibwa kwa nta.

Majuma matatu kabla ya mtihani wa taifa tulifanya wa majaribio. Swali la vitendo lilikuwa rahisi: umepewa kimiminika, tafuta kinachemka kwa digrii ngapi, sema ni kitu gani. Kimiminika chenyewe ni spiriti, na darasa zima lilikuwa linajua hivyo tangu juzi yake. Nilimimina mwenyewe, sentimita za ujazo hamsini kwa kila mtu. Nilipofika meza ya mwisho, yangu na ya wasichana wawili, chupa ya zamani ilikuwa imebakiza kiasi cha mtu mmoja tu. Sikutaka meza moja ichanganyiwe chupa mbili. Nikaiacha ile, nikabandua nta ya chupa mpya mbele ya macho yao, nikamimina.

Tuliweka flaski ndani ya maji ya moto. Spiriti ikaanza kutoa viputo, na zebaki ikapanda mpaka sabini na tano, ikasimama. Nilingoja. Nikatazama meza za mbele, wao zebaki yao ilikuwa imefika sabini na nane na bado inatambaa, sabini na tisa, themanini, nao wanashangilia ile sabini na nane ya kwanza na kuinukuu haraka kabla haijawakimbia. Yangu haikutambaa. Ilisimama palepale mpaka mkono ukaniuma kushika. Na nilikuwa nimefundishwa, na mwalimu huyohuyo wa shati la pasi, kwamba kimiminika safi husimama kwenye digrii moja, na kilichochanganywa ndicho kinachotambaa.

Wale wawili wa meza yangu nao waliona sabini na tano. Niliwaona wakiiona. Mmoja akanitazama, akainama, akaandika sabini na nane. Wa pili akachungulia daftari la mwenzake. Mimi nikaandika sabini na tano. Nisijisifu, sikuwa shujaa. Nilikuwa na hasira ya ile mia ya mwaka jana, basi.

Asubuhi yake niliitwa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mwalimu alikuwa amesimama dirishani na daftari langu. Mjomba alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, kofia mapajani.

Mwalimu nitamlaumu kwa mengi, lakini alikuwa amepima. Alichukua chupa mpya mwenyewe, akachemsha, akapata sabini na tano. Sasa badala ya kujiuliza, akawa na jibu tayari.

"Binti, spiriti inachemka sabini na nane. Nimeiona kwa macho yangu haya, chuoni, pwani. Hii ya kwako imechanganywa na kitu chepesi. Na asetoni kabatini imepungua."

"Asetoni inapunguaga yenyewe, Mwalimu. Kizibo chake kibovu."

"Inapunguaga," akasema, na safari hii hakucheka. "Umeuza spiriti mjini, umejazia asetoni. Bia hakuna, wanywaji wa kununua wapo. Unadhani hatujui?"

Nikamwambia nta niliibandua mbele ya wenzangu wawili. Waliitwa. Walisimama pale mikono nyuma, wakasema wao walimiminiwa ya zamani, hawakuona nta. Sikuwasamehe na sijawasamehe. Mmoja ni bibi wa watu sasa, tunakutana misibani, ananiita dada na mimi naitika.

"Themomita je?" nikauliza. "Mwaka jana ilikuwa mbovu kwenye maji. Leo imepona?"

Kofi nililopata halikuwa la kemia. Mkuu akamtuliza mwalimu, kisha akamgeukia mjomba, taratibu, kwa heshima ya mzee wa kanisa.

"Bwana Stoo, ufunguo wa kabati anaushika nani?"

Mjomba alitazama kofia yake. "Mimi, Mkuu. Ila asubuhi anauchukuaga yeye."

Ilikuwa kweli tupu. Kila neno la kweli. Nilimtazama nikingoja aendelee, aseme walau kwamba mtoto huyu namjua, nimemlea, hana tabia hiyo. Hakuendelea. Aliigeuza kofia upande wa pili.

Mkuu akatoa hukumu yake. Nikikiri kwa maandishi na kusahihisha daftari, nitachapwa na mtihani wa taifa nitafanya. Nisipokiri, nirudi nyumbani, na mtihani niusahau. Alinipa mpaka kesho saa nne. Nilijua nyumbani kuna nini. Kulikuwa na baba ambaye angesema, si nilisema, na kulikuwa na mwanamume wa kijiji cha jirani aliyeshaulizia.

Mjomba alinifuata nyuma ya stoo, chini ya paa la nyasi ambako tulikuwa tunaanika magunia.

"Mwanangu, andika sabini na nane yaishe."

"Sijaiba, mjomba."

"Nani kasema umeiba? Nasema andika. Wenzako wote wanaandikaga. Fimbo sita zinauma siku moja, kesho unakaa kwenye mtihani."

"Na kukiri je?"

"Maneno tu hayo. Karatasi inachomwaga."

Alinishika bega. Aligeuka mara mbili kutazama mlango wa stoo, na nilidhani ana hofu kwa ajili yangu. Nikamhurumia, mjinga mimi. Nikamwambia asihofu, kesho nitawaonyesha wote.

Jioni ile nilikifungua kitabu cha fizikia kwenye ule mlima wa theluji, nikafungua na atlasi ya shule iliyokuwa imebaki na nusu ya kurasa. Ziwa letu lilipakwa rangi ya buluu kama bahari, lakini nchi yote iliyolizunguka ilikuwa ya kahawia, na pembeni palikuwa na ngazi ya rangi inayosema kahawia ile ni urefu gani. Nilikaa nikaitazama ile kahawia mpaka macho yakauma. Sijawahi kufurahi vile, si kabla, si baada ya hapo.

Kesho yake saa nne nilikwenda maabara na chupa ya chai yenye barafu. Niliiomba kwa masista wa zahanati, waliokuwa na friji ya mafuta ya taa ya kuwekea chanjo. Mkuu alikuja, nafikiri kwa udadisi tu, na mwalimu, na mjomba aliyebeba ufunguo.

Nilitia themomita kwenye barafu inayoyeyuka. Ikashuka mpaka sifuri, ikakaa. Nikasema, barafu haijali mlima, inayeyuka kwa sifuri popote. Themomita ni nzima. Nikaitia kwenye maji yanayochemka. Tisini na sita. Nikafungua atlasi.

"Mlima gani, Musoma?" Mkuu akasema. "Musoma si iko ufukweni?"

"Ufukwe wenyewe uko juu, Mkuu. Maji yanapungukiwa digrii nne kwa sababu ya hewa. Na spiriti inapungukiwa tatu. Sabini na nane toa tatu."

Mwalimu aliichukua atlasi, akaisogeza dirishani. Alikaa nayo kitambo. Niliona uso wake unabadilika, na nitasema haki, haukubadilika kwa hasira. Alikuwa mtu wa vipimo aliyeharibiwa na vitabu. Ndiye aliyeuliza swali, na aliuliza kwa nia njema kabisa, swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

"Sawa. Sasa ile ya zamani kwa nini ilitoa sabini na nane?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Ningesema sijui. Nilikuwa nimeshashinda, mtihani nilikuwa nimeshaupata, ningefunga kitabu nikaenda zangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane na kofi la jana lilikuwa bado linawasha.

"Tuipime uzito," nikasema. "Uzito hauna habari na mlima."

Nikapima sentimita hamsini za chupa mpya. Mizani yetu ilikuwa imepoteza kijiwe cha gramu tano, ikabidi niunganishe viwili vya mbili na kimoja cha moja. Arobaini na kidogo, sawasawa na kitabu. Kisha nikamimina kile kilichobaki cha chupa ya zamani, hamsini ileile, silinda ileile. Sahani ikagonga meza. Nikaongeza vijiwe. Arobaini na mbili, na tatu, na nne, karibu arobaini na tano.

"Ina maji," nikasema. "Spiriti ni nyepesi, maji ni mazito. Ndiyo maana ilikuwa inatambaa. Theluthi nzima ya chupa ni maji." Na sikukoma hapo, nikacheka. "Mwizi kajazia maji mpaka ikachemka kama ya kitabu. Angejua!"

Hakuna aliyecheka nami. Mwalimu na Mkuu walikuwa wamegeuka. Chupa ile ilikuwa imekaa stoo tangu kabla sijafika kidato cha tatu, kabla sijashika ufunguo wowote, na kwa miaka yote hiyo ufunguo ulikuwa wa mtu mmoja. Mjomba alikuwa amesimama karibu na kabati. Alikuwa ameushika ufunguo kwa mikono miwili. Nilimtazama, ndipo nikaelewa sabuni.

Sabuni, na sukari ya Jumapili, na madaftari yangu. Mzee asiyegusa pombe alikuwa anabadilisha spiriti kwa vitu hivyo, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe akirudishia maji ya bomba. Nilikuwa nimefulia chupa ile. Hilo nililielewa palepale, sikuhitaji kuambiwa. Lakini nililielewa na jingine: kwamba jana, kwenye kile kiti cha mlangoni, alikuwa anajua. Walipokuwa wananiita mwizi alikuwa anajua mwizi ni nani, akageuza kofia.

Watu wakinisikiliza mpaka hapa huwa wananiambia, basi alikuwa na watoto sita, miaka ile ilikuwa migumu, mshahara ulikuwa haununui chochote. Najua. Niliishi humo ndani. Wizi ule sikuuchukia hata siku moja, na mpaka leo mtu akiiba sabuni miaka ya foleni simhesabu mwizi. Nilichukia ule ukimya. Nimeuchukia kwa bidii, mwaka hadi mwaka, kama wengine wanavyolima.

Aliachishwa kazi kabla ya mchana. Niliporudi nyumbani kwake nikakuta sanduku langu la bati limetolewa nje, juu yake sare yangu imekunjwa vizuri, safi. Mkewe alikuwa amefunga mlango. Mkuu akanipa kitanda bwenini, na mwalimu wa pwani akaniletea karatasi za mitihani ya nyuma, akaziweka mezani. Hakuomba radhi. Ila tangu siku hiyo darasa lake liliandika tisini na sita.

Mama alikuja na mtumbwi kutoka kijijini, akanikuta uwanjani. Alikuwa na dagaa kwenye kitambaa, na sikuzote alikuwa anaanza kwa kunipa. Safari hii hakunipa.

"Ndugu yangu umemweka kwenye mizani kama gunia la pamba," akasema. "Mbele za watu."

"Mama, walikuwa wananifukuza."

"Si alikwambia uandike?"

Kumbe walishaonana. Akaniachia dagaa juu ya jiwe, akaondoka kwenda kwa kaka yake. Mtihani nilifanya, nikafaulu, nikaenda chuo. Siku ya harusi yangu kiti cha mjomba kilikaa kitupu, na kwetu kiti hicho kikiwa kitupu kila mtu anaona. Ng'ombe wa mahari anayemstahili mjomba alipelekwa kwake, akamrudisha. Mama alilia kwa sababu ya ng'ombe yule kuliko alivyolia kwa sababu yangu.

Kisha ruksa zikaja, biashara ikaachiwa huru. Vitu vikarudi madukani kwa namna ambayo ilinitia kizunguzungu. Sabuni za rangi saba, mitumba milima milima, viwanda vya samaki na barafu yao ya malori pale Musoma, barafu ambayo mimi niliiomba kwenye chupa ya chai. Nilikuwa nimehamishiwa Bunda, nafundisha, nakaa njia ya Guta. Nikasikia mjomba amefungua duka Manyamanyama. Anauza rangi za nyumba, tina ya kuzimulia rangi, tapentaini, asetoni ya wasichana wa kucha, na spiriti. Niliposikia nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kibaya. Nikaanza kuzunguka mtaa mwingine nikienda sokoni. Miaka minne nilizunguka.

Serikali ilikuwa imepunguza kuleta vifaa, shule zijitafutie. Mwaka ule maabara yangu ilikuwa haina spiriti hata ya kuwasha taa, mtihani wa vitendo umekaribia, na kutoka Bunda mpaka njia panda ya Butiama hakukuwa na duka jingine lenye spiriti ya kuaminika. Wenzangu wote walisema kwa yule mzee Manyamanyama ipo safi. Safi! Nikatia kwenye mkoba silinda ya kupimia na mizani ndogo ya shule, nikaenda mchana kweupe, siku ya gulio, watu wakiwa wengi. Nilitaka wawe wengi.

Alikuwa amezeeka upande mmoja. Bega la mkono ule ulionishika nyuma ya stoo lilikuwa limeshuka. Alinitambua nikiwa bado mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Karibu."

Nikamwambia nataka spiriti, chupa tatu, ya shule. Akaziweka juu ya meza. Nikatoa silinda, nikatoa mizani, nikaipanga mbele yake polepole. Wateja wakasogea kutazama. Mwenye ndoo ya rangi akaitua chini. Mjomba alitazama mizani ile, akafungua kofia ya chupa yeye mwenyewe, akanisukumia.

Nikamimina hamsini. Nikapima.

Arobaini na kidogo.

Nikafungua ya pili. Arobaini na kidogo. Ya tatu vilevile. Sitadanganya kuhusu nilichohisi. Nilitaka arobaini na tano. Nilikuwa nimekuja na mashahidi na nilikuwa naitaka ile arobaini na tano kuliko nilivyoitaka spiriti, na vijiwe vilipotulia niliona vimeninyima haki yangu.

"Safi," akasema mwenye ndoo ya rangi, akanunua chupa moja palepale.

Watu walipotawanyika mjomba akaanza kuzifunga chupa zangu kwenye gazeti. Vidole vyake vilikuwa vizito, na alikunja kila moja mara mbili.

"Siku ile," akasema, bila kuinua uso. "Ungeandika tu sabini na nane, mwanangu. Ingemuuma nani?"

Alikuwa anauliza kweli. Niliona haikuwa lawama. Alikuwa amelibeba swali hilo miaka yote, na hakuwa amepata jibu. Alikuwa amehesabu kila mtu: yeye na kazi yake, mkewe, watoto sita, mama yangu. Aliwahesabu wote, na katika hesabu hiyo hakuna aliyeumia.

"Mimi, mjomba," nikasema.

Mikono yake ikasimama juu ya gazeti. Nilingoja, kama nilivyongoja ofisini kwa Mkuu, nikijiambia sitangoja. Mdomo wake ulifunguka. Kisha akaingia mteja akaulizia brashi ya inchi mbili, na mjomba akageuka kumtolea.

Nikalipa bei kamili. Sikuomba punguzo, naye hakunipunguzia. Nikazibeba chupa zangu tatu, nikapita mtaa uleule wa duka lake kurudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuzunguka.